Utani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Utani ni neno ambalo kila mtu analijua mpaka aulizwe maana yake. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudi kila mara: msibani, harusini, siku ya mechi, na kwa wageni wanaojifunza Kiswahili. Si lazima uyasome kwa mpangilio. Jibu likigusa jambo lililoelezwa mahali pengine, utaelekezwa huko.

## Neno lenyewe

Utani ni nini hasa?

Utani ni uhusiano kwanza, maneno baadaye. Ni ruhusa ya kudumu waliyonayo watu wawili, koo mbili au makabila mawili ya kuchezeana, kutupiana maneno makali na hata kunyang'anyana vitu, bila yeyote kuwa na haki ya kukasirika. Ruhusa hiyo ina mzigo wake: mtani huyo huyo anayekuita mvivu na mchafu ndiye anayetakiwa kufika wa kwanza ukifiwa, ashike jembe na kuchimba kaburi.

Kwa hiyo mtu akisema "yule ni mtani wangu", hakuambii kwamba yule ni mchekeshaji. Anaweza kuwa mtu mkavu asiyejua kuchekesha hata kidogo, na bado ni mtani.

Maana ya pili, ile ya maneno ya kuchekesha yasiyo na ubaya, imetoka humo na sasa imeenea kila mahali. Mama anaambiwa fungu la nyanya ni elfu tatu, anarudisha mkono nyuma: "Unanitania?" Muuza nyanya si mtani wake. Neno limeshatoka nyumbani kwake na kwenda matembezini.

Utani, mzaha, masihara, dhihaka na kejeli ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa mazungumzo ya haraka huyachanganya.

Mzaha ni neno la asili ya Kiarabu na ndilo pana kuliko yote: jambo lolote lisilofanywa kwa dhati. Mzaha unaweza kuufanya na yeyote, na unaweza kwenda vibaya, ndiyo maana wazee walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Masihara nayo ni ya Kiarabu, na uzito wake uko kwenye kutotilia maanani: "kazi hii si ya masihara". Neno hilo hilo la Kiarabu lilifika Bara Hindi, na kule maskhara ni mtu mwenyewe, yule mchekeshaji wa kujipaka rangi.

Dhihaka imetokana na kitenzi cha Kiarabu cha kucheka, lakini kwetu imechukua njia ya giza. Ni kumcheka mtu ili ashuke. Kejeli ni dhihaka iliyopoa, inayosemwa kwa sauti ya upole na sura isiyobadilika. Kijembe hurushwa, na anayerushiwa hatajwi jina. Chuku hupigwa, na hiyo haimlengi mtu. Ni kuongeza chumvi tu mpaka samaki awe mkubwa kuliko mtumbwi.

Kipimo changu ni hiki: tazama aliyechekwa anaruhusiwa kufanya nini. Kwenye dhihaka ananyamaza au anaondoka. Kwenye utani anatakiwa ajibu, tena kwa ukali kuliko alivyoanzwa, na asipojibu watu wanamsikitikia.

Mtani, watani, kutania, kutaniana: yote ni mzizi mmoja?

Ndiyo. Mtani ni mtu, watani ni wingi wake, utani ni hali. Kutania ni kitendo, kutaniwa ni kutendewa. Kutaniana ndilo lililobeba maana kamili, kwa sababu ya ile -ana mwishoni: mimi kwako, wewe kwangu. Mtu anayetania tu na hataki kutaniwa hajaingia kwenye utani. Huyo ni mchokozi.

Halafu kuna "natania tu", inayosemwa mtu akishaona uso wa mwenzake umebadilika. Hiyo ni mlango wa dharura. Watani wa kweli hawauhitaji.

Neno hili limetoka Kiarabu, kwenye "watani" ya nchi au taifa?

Hili huulizwa na watu waliosoma Kiarabu kidogo, na mfanano upo: kwa Kiarabu watan ni nchi ya mtu, na watani ni cha nchi hiyo. Hoja ya kwamba "mtani ana m- ya Kibantu" peke yake haitoshi kuikataa, maana Kiswahili kimezoea kuchukua neno la kigeni na kulivisha ngeli. Kitabu kilikuja kutoka Kiarabu tukaunda vitabu. Mwalimu naye alikuja tukapata walimu.

Kinachonifanya nisilikubali ni maana. Watani ya Kiarabu ni ya mtu wa kwenu. Mtani ni yule ambaye si wa kwenu. Awe jirani, awe shemeji, awe mtoto wa kabila mlilogombana nalo, sharti la kwanza ni kwamba anatoka upande wa pili. Tena neno hili limeota mizizi bara, mbali na bandari: Waluguru na Wakaguru wana utani kwa jina hilo hilo, na Wagogo wana wutani. Na shughuli zenyewe za utani, hasa zile za makaburini, hazina lolote la kibandari.

Mbona Wakenya wengi husema mzaha, si utani?

Neno utani wanalijua, na kwenye vitabu vya shule lipo. Ila taasisi yenyewe, ya kabila kwa kabila, imeshika zaidi upande wa Tanzania, kwa hiyo kwa Mkenya wa kawaida utani ni mzaha tu kwa jina lingine. Kitu cha Nairobi kinachoukaribia kwa ukali ni mchongoano, ile mikwaju ya maneno ya vijana inayoanza na "mamako". Mchongoano una washindi na watazamaji, ukiisha umeisha. Hauwadai wachongoanaji kuja kuzikana. Kuhusu mashemeji wa Kenya, ona sehemu ya mpira hapo chini.

## Ulikotoka

Utani wa makabila ulianzaje?

Hakuna siku ulipoanza, ila kuna njia mbili ambazo wazee huzitaja na historia inaziunga mkono.

Ya kwanza ni safari. Karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa wapagazi wakubwa wa misafara ya pembe na bidhaa, kutoka Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, kupita Ugogo na Usagara mpaka Bagamoyo. Ni miezi ya kutembea kwa miguu, mzigo begani, katika nchi za watu. Mtu akiugua njiani atalala kwa nani? Akifa atazikwa na nani, wakati ndugu zake wako mwendo wa wiki nane nyuma? Utani ulijibu maswali hayo. Mnyamwezi aliyefika Uzaramo alikuwa na haki ya kuingia, kula na kutukana kidogo, na Mzaramo alikuwa na haki ya kumcheka mgeni huyu mwenye vumbi. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani mpaka leo, na ndugu zao Wasukuma wameingia humo humo.

Ya pili ni vita. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, na baadaye sehemu yao ikafika Songea. Kila walipopita walipigana. Miaka ya 1870 na 1880 walipambana na Wahehe, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Watu walioshindwa kumalizana wana mambo mawili ya kuchagua, kuendelea kuuana au kugeuza ule ugomvi kuwa mchezo wa maneno. Leo Mngoni na Mhehe wakikutana stendi, kila mmoja atakwambia babu yake ndiye aliyemkimbiza babu wa mwenzake.

Ongeza mashamba ya mkonge. Vijana walioitwa manamba walikusanywa kutoka kila upande na kulazwa kambi moja, Tanga na Morogoro, mbali na shangazi na wajomba. Reli ya Kati nayo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Utani uliokuwa wa njia ya miguu ukapanda treni.

Makabila gani ni watani?

Orodha kamili haipo, na ukimpa mtu orodha atakuongezea. Inayotajwa sana ni Wanyamwezi na Wasukuma kwa Wazaramo na Wakwere. Wangoni kwa Wahehe. Wachagga kwa Wapare. Wapo wenye watani wengi, na wapo ambao utani wao ni wa ukoo kwa ukoo ndani ya kabila moja.

Kila jozi ina nyimbo zake za zamani. Mchagga akifa, atasema Mpare, usiite daktari: dondosha sarafu karibu na sikio, asipoamka ndipo umfunge sanda. Mpare naye, atajibu Mchagga, akiibiwa kuku mmoja atauza ng'ombe wawili aendeshe kesi. Mhehe, anayetaniwa kwamba anakula mbwa, anaambiwa afiche mbwa wake wageni wasije wakawahi kabla yake. Yamesemwa mara elfu na bado watu wanayasubiri, kama kiitikio.

Kwa nini watani huitana "mtumwa wangu"?

Kwa sababu ya hizo vita na misafara. Kila upande hudai kwamba uliuteka mwingine. Mgeni akisikia hushtuka, na ana haki ya kushtuka, maana nchi hii iliujua utumwa halisi na neno hilo si jepesi. Baina ya watani limebaki kuwa dai la kuchekesha kwa sababu pande zote mbili hulidai kwa pamoja: haiwezekani wote wawe mabwana. Nje ya utani usilitumie kwa mtu yeyote. Kwenye mji wa pwani ambao watu wake wanakumbuka nani alikuwa nani, ndiyo usithubutu kabisa.

Kuna mtu aliyeuchunguza kitaalamu?

Wengi. Aliyewahi kuuandikia mapema kwa Tanganyika alikuwa Reginald Moreau, na kinachonifurahisha ni kwamba kazi yake ilikuwa ndege. Alikaa Amani, kwenye milima ya Usambara, akichunguza ndege wa misituni, na mwaka 1941 akachapisha makala kuhusu utani. Bila shaka alikuwa akiusikia kila siku kwa watu aliofanya nao kazi. Mwaka mmoja kabla yake, Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown alikuwa ameandika kuhusu uhusiano wa namna hii duniani kwa ujumla. Hoja yake kwa ufupi: pale watu wanapounganishwa na jambo moja na kutenganishwa na jingine, wanaweza kuchagua heshima iliyopitiliza au utovu wa adabu uliokubaliwa. Kwetu yote mawili yapo ndani ya nyumba moja, kama utakavyoona kwenye swali la mkwe.

Nje ya Tanzania upo?

Upo kwa majina mengine. Zambia, Wabemba na Wangoni hutaniana, nao ni mabaki ya vita zile zile. Mali wanao unaoitwa sanankuya. Niger utani wao uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014.

## Nyumbani

Kwa nini bibi humwita mjukuu wake "mume wangu"?

Kwa sababu babu na bibi ni watani wa wajukuu. Baba na mama wana kazi ya kulea, kukemea na kuchapa, hawawezi kucheza. Aliyeruka kizazi kimoja amesamehewa kazi hiyo. Mjukuu wa kiume ni mume wa bibi, wa kike ni mke mwenza wake na mchumba wa babu, na ugomvi wa wivu baina yao ni wa kila siku.

Mpwa wangu alipokuwa na miaka 6 aliulizwa na bibi yake, "Mume gani wewe, unakuja mikono mitupu, hata sukari huna?" Wiki iliyofuata akafika na sukari aliyoichota kabatini kwa mama yake, kaifunga kwenye karatasi ya daftari la hesabu. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, akamwita jirani aje aone mwanamume anavyotunza nyumba.

Ni ndugu gani wengine ninaoweza kuwatania?

Shemeji, karibu kila mahali. Binamu, hasa mtoto wa mjomba au wa shangazi. Wifi inategemea kabila na inategemea wifi mwenyewe.

Na mkwe?

Hapana. Mkwe ni upande wa pili wa sarafu hiyo. Kuna jamii ambazo mkwe hapewi mkono, halali nyumba moja na mkwewe, na mwanamume akimwona mama mkwe njiani hupisha hadi vichakani. Mtu anayemtania mkwe hajachekesha, amevunja nyumba. Ndiyo sababu shemeji anataniwa sana: uchangamfu wote uliokatazwa kwa mkwe unamwangukia yeye.

## Msibani

Kwa nini watani hufanya vituko kwenye mazishi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi na mtu aliyekasirika.

Nitaanza na nilichokiona. Kisarawe, kwenye msiba wa mzee mmoja wa Kizaramo aliyependa redio kuliko chakula, jeneza lilikuwa linataka kutoka. Mlangoni akasimama mzee wa Kinyamwezi, mstaafu wa reli, kavaa kofia ya marehemu, kaikumbatia redio ya marehemu sikioni, anakohoa kikohozi cha marehemu, kile cha mafungu matatu. "Mnampeleka wapi? Taarifa ya habari ya saa saba hajaisikiliza." Mjane alikuwa hajatoa sauti tangu alfajiri. Akacheka. Kicheko kikakatika katikati kikageuka kilio kikubwa, na wanawake wakamshika huku na huku.

Makaburini yule mzee akashuka shimoni akajilaza. Akalalamika mwanandani ni mfupi: "Huyu alikuwa analala amejikunja kwa uvivu wa Kizaramo, lakini leo hana pa kuwahi, atataka kujinyoosha." Akagoma kutoka mpaka khanga iliyotandikwa ukingoni ipate kitu. Kijana mmoja akatupa elfu mbili. Ikarudishwa juu: "Hii nauli ya daladala, mimi nimetoka Tabora." Wakaongeza, akatoka, akajipangusa udongo, na tangu hapo mpaka mwisho hakusema tena neno la kuchekesha. Alishika koleo akafukia. Fedha zilinunua soda za vijana waliochimba.

Sasa sababu. Kifo huwafunga ndugu mikono. Wamelegea, wanaogopa, na kwa mila nyingi kuna vitu vya marehemu ambavyo hawaruhusiwi kuvigusa. Mgeni mtupu naye hawezi kuingizwa chumbani kwa maiti. Mtani yuko katikati: ni wa nje kiasi cha kutodhurika, ni wa ndani kiasi cha kuaminiwa. Ndiyo maana yeye huchimba, huosha, hupika, hufagia na kutoa majivu, na siku ya kuanua matanga yeye ndiye anayeweza kuzigawa nguo za marehemu bila mkono kutetemeka. Kwa Waluguru na Wakaguru wazee walilihesabu hilo kuwa utakaso hasa, sio msaada tu.

Na vituko? Mimi nadhani vituko ni kazi kama kuchimba. Pale mlangoni yule mzee alikuwa amemfungua mjane koo.

Lazima nilipe mtani anapozuia jeneza au kulala kaburini?

Ndiyo, lakini kidogo, na kwa mabishano. Ukilipa haraka umeharibu mchezo. Ukikataa kabisa umeukata utani. Sarafu, noti ndogo, hata kuku aliyeahidiwa vinatosha. Mtani anayetaja mamilioni anataka ubishe, hataki mamilioni.

Dini inaruhusu?

Wapo mashehe na wachungaji wasiopenda, hasa mambo ya kushuka kaburini, na wapo wanaosubiri kimya watani wamalize ndipo waendelee na ibada. Busara ya kawaida ni watani kufanya yao nyumbani kabla jeneza halijatoka. Kama familia ya marehemu imeomba pasiwe na utani, mtani muungwana anashika koleo na kufunga mdomo.

## Mpira

Simba na Yanga ni watani kweli, au ni jina tu?

Wanaitwa watani wa jadi, na jadi ni mababu. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na jina la Simba lenyewe ni la mwaka 1971; kabla ya hapo ilikuwa Sunderland. Kwa hiyo mababu wapo, ingawa si wa mbali sana.

Upande wa maneno, hawa ni watani kamili, tena hakuna kiwanda cha Kiswahili kinachozalisha kama chao. Wa Simba huwaita wenzao vyura, kwa ajili ya maji ya mvua yanayotuama Jangwani, yalipo makao ya klabu yao, na utopolo. Wa Yanga hujibu kwa makolo. Matokeo hayazeeki: 6–0 ya Simba ya mwaka 1977 hutajwa na watu waliozaliwa miaka 20 baadaye. Mwaka 2012 Simba walishinda 5–0, na Novemba 2023 Yanga wakarudisha 5–1, na kwa wiki nzima salamu mjini ikawa mkono ulionyanyuliwa, vidole vitano vimetanuliwa, bila neno.

Upande wa wajibu wamepungukiwa. Klabu hazizikani. Lakini mashabiki huzikana: nimeona msiba ambapo jirani wa timu ya pili ndiye aliyeshughulika na turubai na viti, na alipoona jezi juu ya jeneza akauliza kama marehemu aliomba azikwe na aibu hiyo au familia ndiyo iliyoamua. Hapo nikakubali jina.

Kenya wana la kwao. Gor Mahia na AFC Leopards wakikutana huitwa Mashemeji Derby, kwa vile mashabiki wao kwa asili ni Wajaluo na Waluhya, majirani waliooana sana. Neno mtani halimo, ila wameita mpira jina la ndugu yule yule anayeruhusiwa kutaniwa.

## Mipaka na hali ngumu

Mtani akikasirika?

Kwa kanuni, hana haki. Kwa ubinadamu, hutokea. Kawaida watu wa pembeni humcheka yeye kwa kukasirika, na hilo peke yake humrudisha. Lakini kuna mahali mtani mwenye akili hapagusi: mtoto aliyepotea, ugonjwa unaoendelea, ndoa inayovunjika wiki hii. Kabila lake, ubahili wake, upishi wake, babu yake aliyekimbia vita, hivyo ni vya wote.

Mtani anaweza kuchukua kitu changu bila kuniuliza?

Zamani, ndiyo: kuku, kofia, mtungi wa pombe. Siku hizi kimebaki kivuli chake. Mwenzangu mmoja wa kazini, mtani kwa kabila, alichukua mwavuli wangu siku ya mvua na kuniambia mtani haibi, anahamisha. Nikahamisha chakula chake cha mchana, wali na maharage, ndani ya kontena lenye jina lake. Mwavuli sijarudishiwa. Simu, fedha na gari havimo kwenye utani, usijaribu.

Baba ni kabila moja, mama ni kabila mtani wake. Mimi ni nani?

Wewe umeoteshwa kwenye utani. Ndugu wa baba watakuita mtumwa kwa upande wa mama, ndugu wa mama watarudisha. Kwenye msiba angalia aliyekufa ni wa upande gani: wa ukoo wako unamlilia, wa upande mwingine unaweza kumtania. Watu wa namna hii huwa wakali kuliko wote, wanazijua siri za pande zote mbili.

Nimeoa kabila la watani wangu. Utani unakwisha?

Kwa mke na mashemeji unazidi. Kwa wakwe unasimama palepale, hata kama jana ulikuwa unamwita baba mkwe mtumwa wako. Ona swali la mkwe.

Naweza kutania kabila la mtu kwenye kundi la WhatsApp au mtandaoni?

Hapa nenda polepole. Utani unahitaji uso. Pale stendi mtu anakuona unacheka, anajua wewe ni wa kabila gani, na anakujibu hapo hapo. Maandishi hayana hata kimoja cha hivyo, na yakipigwa picha na kusambazwa yanawafikia watu ambao si watani wako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ya Tanzania inakataza kumtusi mtu kwa misingi ya asili au kabila lake kupitia mtandao, na mahakamani "ni mtani wangu" itabidi uithibitishe. Katika kundi la wanafamilia au waliosoma pamoja, mnajuana. Kwingineko, bora mzaha usio na kabila.

Mtu asiye na kabila la hapa anaweza kuwa na mtani?

Anaweza kupewa. Mgeni aliyekaa kijijini akala na watu huambiwa siku moja, "wewe sasa ni Mngoni", na kuanzia hapo Wahehe wote wana kazi naye. Hapewi cheti. Atajua amekubaliwa siku atakapotukanwa na bibi asiyemfahamu.

Nimetaniwa mbele za watu na sina jibu. Nifanye nini?

Usijieleze. Ukianza kufafanua kwamba kwenu hamli mbwa, umekwisha. Kiri na uongeze: "Ndiyo, na tulikuwa tunakuwekea paja." Ukikosa kabisa, geukia msiba wako au wake, ambao ndio deni kuu baina yenu: "Sema tu, siku yako nitalala humo kaburini mpaka wauze shamba." Hilo halijawahi kukosa kicheko, na hakuna jibu lake isipokuwa kulirudia kwa bei ya juu zaidi.